Nani Aliyemtuma Mtoto?

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale, utafika Misikhu kabla hujakaa vizuri kitini. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma: maduka pande mbili za barabara, soko, makanisa, shule zenye sifa, waendesha bodaboda wangojao abiria, na malori ya safari ndefu yapitayo bila kusimama. Ukishuka hapo jioni, saa wanafunzi wa kutwa warudipo nyumbani, simama kidogo kando ya mojawapo ya njia za udongo ziendazo mashambani. Hutangoja sana. Utamwona mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, angali na sare ya shule, amebeba chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda. Haendi dukani. Wala hana hofu, maana hakuiba na hakutoroka. Ametumwa. Baba yake amempa shilingi hamsini akamwambia, "Nenda kwa mama fulani, mwambie ni mimi." Na mama fulani atampimia, ataifunga chupa isimwagike, atamwuliza habari za masomo, kisha atamwambia awasalimu wa nyumbani.

Mtoto huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu, nami naandika kwa nia ya kugombana. Sitagombana naye. Insha nyingi zihusuzo vijana na ulevi, ambazo wewe umezisoma na pengine kuziandika, humsimamisha kijana peke yake kizimbani. Humwita taifa la kesho, humwonya juu ya marafiki wabaya, humwagiza aseme la, kisha humwacha aende zake. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliandika insha ya namna hiyo, na mkufunzi akanipa alama nzuri. Leo nimekwisha kufundisha kwa zaidi ya miaka kumi, na kila nikiikumbuka insha ile naona haya. Hapana neno la uwongo ndani yake, lakini limeachwa neno kubwa kuliko yote yaliyosemwa. Rafiki mbaya wa kwanza wa mtoto wa chupa ni baba yake. Wa pili ni yule mama mwema aliyempimia. Wa tatu ni sisi sote tuliokutana naye njiani, tukamwitikia shikamoo yake, tukapita.

Na tuanze na kilichomo ndani ya chupa. Watu wengi huchanganya busaa na chang'aa kana kwamba ni ndugu wawili wa baba mmoja. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, kisha ukachachushwa tena kwa kimea cha ulezi. Ni pombe nzito kama uji, na ukali wake si mwingi. Chang'aa ni kitu kingine. Huchachushwa kwa mahindi au kwa molasi, nayo molasi haiko mbali katika nchi ya miwa kama yetu, kisha hukenekwa katika pipa juu ya moto, mvuke ukapita bombani na kupoa katika maji, nguvu yake ikawa mara nyingi kuliko nguvu ya busaa. Tena muuzaji mwenye tamaa huiongezea methanoli, kemikali ya viwandani, ambayo ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mtu huweza kupofuka kabla ya kufa. Novemba 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 130 katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Mei 2014 iliua zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa kwa siku chache tu. Sitaji bangi, miraa na tumbaku ya kutafuna ifichwayo mdomoni darasani, si kwa kuwa hazipo Misikhu, bali kwa kuwa kijana mwingi wa kwetu hafikii hizo kwanza. Hufikia kilicho karibu.

Nacho kiko karibu mno. Mwaka 2022 utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba eneo la Magharibi, ndilo lenye Bungoma, liliongoza Kenya nzima kwa unywaji wa pombe: karibu watu 24 katika kila 100 walio na umri wa miaka 15 hadi 65. Usipite haraka hapo pa umri. Hesabu ile yaanzia miaka 15. Huo ni umri wa mwanafunzi akaaye nawe dawati moja.

Sasa nianze ugomvi wangu na mtu asemaye, "Hii ni kazi ya serikali." Ni mtu mwenye sauti kubwa katika baraza, na mara nyingi hushangiliwa. Mimi namjibu kwa tarehe. Mwaka 1980 Kenya ilitunga sheria ya kupiga chang'aa marufuku kabisa. Sheria hiyo ilidumu miaka 30. Je, chang'aa ilikoma? Waliozaliwa siku sheria ile ilipotungwa walikua, wakaoa, wakazaa, wakawatuma watoto wao kwenda kuinunua. Mwaka 2010 ikaja sheria nyingine, ya kudhibiti vileo, iliyoondoa marufuku ya zamani na kuweka masharti mapya: asiuziwe mtu aliye chini ya miaka 18, pombe isifungwe katika chombo kilicho chini ya mililita 250, na mahali pa kuuzia pasiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Ni masharti mema. Julai 2025 sera mpya ya taifa ilipendekeza hata umri upandishwe kutoka 18 hadi 21. Lakini wewe niambie, huyo mtoto wa chupa aliulizwa umri na nani?

Kuhusu zile mita 300 nina ushuhuda wangu. Miaka michache iliyopita niliwatoa nje wanafunzi wangu wa jiografia pamoja na kamba ya mita 50, ili tujifunze kupima ardhi. Tuliianzia langoni pa shule tukafuata njia. Kamba ya sita, yaani mita 300, ilituacha penye mti wa mwembe. Kabla ya kuufikia mwembe huo tulikuwa tumepita nyumba tatu ambazo wanafunzi walizijua na mimi sikuzijua. Hapana aliyenionyesha kwa kidole. Walinyamaza tu, wote kwa pamoja, kila tulipoifikia mojawapo, kisha wakaendelea kuzungumza tulipokwisha kuipita. Kimya chao kilinitosha. Baadaye nilipata kujua kwamba moja ya nyumba hizo ni ya mtu aliyekuwa akiketi nasi katika mikutano ya wazazi, na aliyekuwa wa kwanza kulalamika kwamba walimu wa siku hizi hawana nidhamu ya kuwafundisha watoto.

Chifu angefanya nini hapo? Chifu mmoja ana vijiji vingi na askari wachache. Huja Jumatatu akamwaga mapipa, na Alhamisi moto umewashwa tena upande wa pili wa kijito. Hata kituo cha polisi si sanduku lenye kufuli la kutosha: Februari 2024, huko Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe ambayo, kwa maelezo ya serikali yenyewe wakati ule, ilikuwa imeshikwa kama kielelezo cha kesi, ikatoka kituoni ikarudi kwa wanywaji. Sisemi sheria haina kazi. Nasema sheria ni kama ua la shamba: humzuia ng'ombe wa jirani, lakini haliwezi kumzuia mwenye shamba akiamua mwenyewe kumwingiza ng'ombe ndani.

Mtu wa pili ni mpole zaidi, nami namwogopa kuliko wa kwanza. Huyu husema, "Pombe ni mila yetu Wabukusu." Husema kweli nusu, na kweli nusu ina miguu mirefu. Ni kweli wazee walikaa wakakizunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakaamua kesi, wakapanga mahari, wakapatanisha ndugu. Lakini mila hiyo mwulize mwenyewe sharti zake. Chungu kilikuwa na mlango: mtu hakuingia asipoitwa. Kilikuwa na umri: kijana alikuwa na nafasi ya kutumwa maji ya moto ya kuongezea, hakuwa na nafasi ya mrija. Na kilikuwa na mashahidi: kila mnywaji alionwa na wengine wote, akizidisha atasikia neno kutoka kwa mtu asiyeweza kumjibu. Sidai kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo, na visa vyao bado vyasimuliwa. Lakini chang'aa iuzwayo usiku kwa glasi, kwa yeyote mwenye sarafu, mahali pasipo mzee wala mlango, haina mila yoyote. Ni biashara iliyovaa koti la babu. Na anayeitetea kwa jina la babu, babu mwenyewe angalimnyang'anya mrija.

Utazame pia mwezi wa Agosti wa kila mwaka ugawanyikao kwa mbili, wakati wavulana wetu wapashwapo tohara. Mtahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga njuga kuwaalika, na nyuma yake hufuata kundi la vijana wakiimba. Wimbo ni mzuri, na desturi yenyewe sitaki ife. Lakini katika kila boma kundi hilo hupokewa kwa vyungu, na siku hizi kwa chupa, na hapana mtu mzima ahesabuye ni wangapi katika kundi hilo wamefika Kidato cha Pili. Twamwita mvulana aje kuwa mwanamume, kisha usiku ule ule twamfundisha kwamba mwanamume ni yule asiyekumbuka alivyofika nyumbani.

Tena kuna matanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili lina pande mbili na wanaolilaani huona upande mmoja tu. Mtu akifa, jamaa hukesha siku kadhaa kabla ya kuzika. Kuna gharama za hospitali, jeneza, chakula cha wageni. Vijana wakabuni njia: hukodi mitambo ya muziki, huicheza usiku kucha, na mwenye kutaka wimbo wake upigwe au wa mwenziwe unyamazishwe hulipa. Fedha hupatikana kweli. Familia nyingi maskini zimezika wapendwa wao kwa fedha hizo, na mtu aliyewahi kukwama na maiti katika chumba cha kuhifadhia, deni likipanda kila siku, hatawacheka. Lakini usiku wa disko matanga ndio usiku ambao watoto wa shule hutoka bila kuulizwa waendako, maana ni msiba, na msiba haukatazwi. Hapo gizani nje ya hema ndipo chupa hupita mkono kwa mkono. Walimu twaijua Jumatatu ya baada ya mazishi: vichwa juu ya madawati, na msichana mmoja au wawili watakaoacha shule kabla ya mwaka kwisha. Maafisa wa serikali magharibi mwa Kenya wamelipiga marufuku disko matanga mara nyingi, na kila mara limerudi, kwa sababu deni la jeneza halikupigwa marufuku pamoja nalo. Kijiji kitakachotaka kulimaliza hakina budi kukusanya fedha hizo mchana, kwa daftari, tena kabla ya msiba kutokea. Vyama vya kuzikana vimekuwako siku nyingi. Vichache sana katika hivyo vimewahi kuandika katika kanuni zao kwamba muziki ukome saa nne za usiku na kila mtoto arudi kwao na mtu mzima. Kuandika maneno hayo hakugharimu hata shilingi.

Nimefika mahali ambapo lazima nijigombeze mwenyewe.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu niliyeajiriwa na bodi ya shule, si na serikali. Shule sitaitaja. Palikuwa na mvulana wa Kidato cha Pili, hodari wa hesabu, mwenye mwandiko mbaya na adabu nzuri. Asubuhi moja aliingia darasani akinuka chang'aa. Hakufanya fujo, alisinzia tu. Kamati ya nidhamu ilikutana mchana huo huo, na ilipoulizwa nani wanakubali aende nyumbani mpaka atakapoitwa, mimi niliinua mkono. Niliuinua upesi, kama mtu afutaye ubao.

Mama yake aliitwa. Alikuja na salio la karo amelifunga katika pindo la leso: noti za hamsini na za mia, nyingi, zimelainika kwa kushikwashikwa, zanuka moshi. Karani alizihesabu akamwandikia stakabadhi. Baada ya stakabadhi ndipo alipopewa barua ya kumfukuza mwanawe. Aliisoma polepole, kisha akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Mwalimu," alisema, "huyu mtoto hakwenda kuitafuta. Mimi ndiye huniamshia usiku aniwekee kuni. Na anayekaa na moto ule, lazima aonje ajue kama imeiva." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimshika mwanawe mkono wakaenda.

Mwisho wa mwezi nilipokea mshahara wangu. Mwalimu wa bodi hulipwa kutokana na fedha wanazoleta wazazi. Nilihesabu zile noti mezani kwangu, na msomaji, sitasema kwamba nilizinusa, lakini nilijua zimetoka wapi. Tuliokuwa tumeketi katika kamati ile sote tulikuwa tumekula katika pipa lile. Aliyefukuzwa ni mmoja tu, aliye mdogo kuliko sote, ambaye ndiye pekee asiyekuwa amechagua kuliwasha. Na tulimfukuza kwenda wapi? Kwenda nyumbani. Kwenda penye moto.

Hakurudi. Siku hizi huendesha bodaboda, na kituo chake ni Misikhu. Huniita mwalimu mbele ya wenzake, na hunitoza nauli pungufu kuliko wengine. Mara mbili nimejaribu kumlipa kamili akakataa.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema mwanamke apikaye chang'aa ni adui wa jamii, nauliza kwanza ana watoto wangapi shuleni. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, mishahara mingi ilikatika katika nyumba za huku, na si kila nyumba ilipata kazi nyingine ya kushika. Itazame na kalenda. Mahindi yetu hupandwa mvua za Machi zinapoanza, nayo huvunwa kuanzia Agosti na kuendelea. Karo, kwa desturi, sehemu yake kubwa hudaiwa Januari, na nyingine Mei, wakati ghala ni tupu au mahindi yangali mabua. Kalenda hizi mbili hazipatani, na katikati ya kutopatana kwake ndipo pipa huwashwa. Atakayetaka lizimwe Januari lazima ajibu swali la Januari. Wako wanaolijibu kwa kugawa vifaranga, wakapigwa picha navyo, wakaenda zao. Vifaranga havina mwezi wa kukua kufikia siku ya kufungua shule. Jibu la kweli ni gumu zaidi lakini si la kigeni. Shule kadhaa za Kenya hupokea mahindi, maharagwe na kuni badala ya fedha, kwa bei iliyokubaliwa, kwa kuwa mahitaji ya jiko la shule ni hayo hayo. Shule ingeweza kumngoja mzazi mpaka mavuno kwa mapatano ya maandishi. Kikundi cha akina mama cha kuwekeana akiba kingeweza kumkopesha Januari yule aachaye pipa, akalipa kidogo kidogo kwa maziwa au mboga. Shule niliyoitaja haikufanya hata moja ya hayo wakati ule. Nami nilikuwa na mdomo katika mikutano yake, nikautumia kujadili rangi ya sweta.

Hapa hutokea mtu wa tatu, mwenye elimu, ambaye hukubali yote niliyosema kisha hutikisa kichwa: "Ni sawa, lakini hapana kijiji kilichowahi kubadilika." Huyu namchukua mbali kidogo, hadi Aislandi, kisiwa cha baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1998 hali ya vijana wa huko ilikuwa mbaya kupita yetu: katika kila 100 wa miaka 15 na 16, vijana 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Waaislandi walikwisha kuchoka na mahubiri ya darasani, wakageuka kuwatazama wakubwa. Waliwauliza wanafunzi wenyewe, shule kwa shule, wako wapi jioni na nani yuko nao. Wazazi wa shule moja walitia saini mapatano: hatutawanunulia watoto pombe, na hatutawaacha wawe nje usiku wa manane. Sheria iliweka saa za watoto kuwa ndani, na wazazi wakatembea barabarani kwa zamu usiku wa wikendi kuona kama saa hizo zafuatwa. Fedha za umma zikaelekezwa katika michezo na muziki, ili jioni iwe na kazi. Mwaka 2016 wale 42 walikuwa wamebaki 5.

Utaniambia, Aislandi ni nchi tajiri. Ndiyo, na viwanja vyao vya ndani vyenye joto sisi hatutavijenga kesho. Lakini kutembea njiani usiku ni kwa miguu, na miguu tunayo. Kutia saini ni kwa kalamu. Na tena watu wa Misikhu hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote namna ya kukusanyika. Akifa mtu, kabla ya saa tatu kuna kuni, maji, viti na sufuria zisizojulikana zimetoka nyumba gani. Uwezo ule wote wa kumhudumia maiti upo. Kinachonikera ni kwamba twautoa wakati mhusika hawezi tena kunufaika nao. Katika kila baraza la wazazi husikika methali ile ya mkono mmoja haulei mwana, na kila anayeisema huutazama mkono wa jirani.

Nawe msomaji? Sikukuandikia ili nikupe ruhusa ya kuwalaumu wazazi wako ukaketi. Nina neno moja kwako, nalo ni neno ambalo mwalimu hatakiwi kulisema kwa wepesi, maana kazi yetu ni kufundisha utii. Uko utume mmoja ambao una haki ya kuukataa. Ukitumwa maji, nenda. Ukitumwa shambani na mvua yanyesha, nenda. Ukipewa chupa, simama kwa adabu, mikono miwili mbele, useme, "Baba, kazi nyingine yoyote nitaifanya." Najua ni rahisi kuandika na ni vigumu kutamka, najua baba wengine hujibu kwa fimbo. Kwa hiyo usikatae ukiwa peke yako. Mwambie kwanza mama, au bibi yako. Kama hao hawana nguvu, mwendee mjomba, ndugu wa mama yako. Kwetu neno la khocha ni zito, na baba anayeweza kumpuuza mwanawe hafanyi hivyo kirahisi mbele ya shemeji yake. Na kama una rafiki aliyekwisha kuonja, usimkimbie kama insha za zamani zilivyokufundisha. Yule mvulana wa hesabu alikuwa na marafiki wawili wa dhati. Tulipomfukuza, tuliwakataza wasimtembelee. Walitii. Hilo nalo nililiunga mkono.

Juma hili nimeomba nafasi katika mkutano wa wazazi wa shule ninayofundisha sasa. Nitasoma mambo mawili: mahindi yapokewe kwa karo ya Januari ijayo, na wazazi sita wajitolee kutembea njia ya sokoni kila Ijumaa na Jumamosi usiku. La pili watalicheka kwanza. Nimeandika jina langu juu kabisa ya orodha, ili angalau lisiwe tupu. Ile kamba ya mita 50 bado ninayo, katika kabati la ramani. Ina mafundo mawili mahali ilipokatika, lakini kipimo chake ni sahihi. Darasa lolote litakalotaka kuanzia langoni pa shule yake lije liichukue.